Mwongozo kamili: PC ya gemu kwa hela ndogo, jinsi ya kuchagua kifaa kimoja kimoja bila kupigwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, "kaka nina kama laki nane za Tanzania, nichukue i7 ya ngapi?" na jibu langu huwa ni lile lile, i7 (prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta) iweke pembeni kwanza, niambie unacheza gemu gani, monita unayo au huna, na umeme wa kwenu ukoje. PC ya gemu ya hela ndogo inanunuliwa kinyumenyume, unaanza na gemu, gemu inakuambia kadi ya grafiki (ile inayochora picha), kadi inakuambia pawa saplai (kisanduku cha umeme ndani ya mashine), pawa saplai inakuambia keisi (kasha lake), prosesa inakuja huko mwishoni. Wengi wanaanza na stika ya i7 alafu wanakwama.

Na mimi nilikwama hivyohivyo. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba ya kulaza chini ya monita, i7 kabisa, nimetoka nayo Kariakoo juu ya bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Mwezi uliofuata nikapata kadi ya grafiki ya GTX 1060 ya mtumba kwa bei nzuri, nafika home nafungua keisi, kadi haiingii. Ni ndefu, ni pana, na hata ingeingia pawa saplai ya ile mashine ni ya wati 255 na haina waya hata mmoja wa kulisha kadi. Kadi ikakaa kabatini miezi mitatu naiangalia tu. Kwahiyo haya ninayoandika hapa nimeyalipia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuchukua kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile zinazoshushwa kutoka Ulaya na Dubai, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, HP ProDesk, Lenovo ThinkCentre, alafu aiongezee kadi ya grafiki. Kwa hela ndogo hii ndio njia inayolipa zaidi, iwe uko Dar, uko Luthuli pale Nairobi au Kampala. Njia ya kununua kila kitu kipya nitaigusa kidogo baadae.

HATUA YA 1: ANDIKA GEMU ZAKO KWENYE KARATASI

Serious, chukua karatasi. Andika gemu tatu utakazocheza kila siku, sio zile ulizoziona YouTube ukatamani.

Kama ni mtu wa mpira, EA Sports FC 25 kiwango chake cha chini kilichoandikwa ni i5-6600K, GTX 1050 Ti ya 4GB, ramu (kumbukumbu ya muda) 8GB na nafasi ya diski 100GB. Hicho ni cha chini, yaani inawaka na inacheza, ila usitegemee nyasi za kung'aa. GTA V ile ya zamani ya 2015 inakubali karibu kila kitu nitakachotaja hapa. Counter-Strike 2 na Valorant hazihitaji kadi kubwa, zinataka prosesa yenye spidi. Warzone ni mla nyama, inakula kadi inakula ramu inakula diski, kama ndio gemu yako kuu ongeza bajeti au subiri.

Alafu kuna mtego mpya ambao wengi hawaujui. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 (kukijua soma Hatua ya 4) pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Unaweza kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, mafundi wanafanya kila siku, lakini Valorant ukiiweka kwenye Windows 11 inakagua TPM 2.0 na Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), ikikosa inakutoa nje. Kwahiyo mchezaji wa Valorant asinunue kizazi cha 4 eti kwasababu ni rahisi. Na wale wa kusema "nitaweka Linux" badala ya Windows, FC 25 haifunguki huko kwasababu ya mfumo wake wa kuzuia wanaocheza kwa udanganyifu.

Monita nayo iandike hapohapo. Ya 1080p (ukali wa picha), inchi 22 mpaka 24, 60Hz (picha 60 kwa sekunde), inatosha kabisa kwa kadi za bei hii. Angalia matundu yake ya nyuma. Kadi za kuanzia GTX 10 kuja juu hazitoi tena VGA (plagi ya zamani ya monita), na vile viadapta vya bei chee vya DVI kwenda VGA havifanyi kazi nazo, lazima adapta yenye chipu ndani. Tafuta monita yenye HDMI au DisplayPort ujiepushie kelele.

HATUA YA 2: KADI YA GRAFIKI, HAPA NDIPO HELA INAPOENDA

Kama ukikumbuka namba moja tu kwenye uzi huu wote ikumbuke hii, wati 75. Hiyo ndio nguvu ambayo tundu la PCIe (tundu la kadi) kwenye mazabodi, ile bodi kuu, linaweza kuipa kadi bila waya wa ziada. Kadi isiyozidi hapo unaichomeka tu inafanya kazi hata kwenye mashine ya ofisi yenye pawa saplai ndogo. Ikizidi hapo inataka waya wa pini 6 (unaongeza wati 75) au pini 8 (wati 150), na mashine nyingi za ofisi hizo waya hazina.

Kundi la kwanza, zisizohitaji waya. GTX 1050 Ti ya 2016 bado inapumua ila imezeeka, Nvidia (watengenezaji wa GTX na RTX) waliacha kuitolea draiva mpya (programu za kuiendesha kadi) za gemu mwishoni mwa 2025, zimebaki za usalama tu. Mimi ningeruka hadi GTX 1650 ya 4GB, hii ni ya 2019, bado iko kwenye draiva za kawaida. Kuwa makini, kuna GTX 1650 ambazo watengenezaji wamezisukuma wakaziwekea tundu la pini 6, hizo usichukue kwa mashine ya ofisi. Juu yake kuna RTX 3050 ya 6GB, ile ya 2024, inakula wati 70 na ndio kadi kali kuliko zote zisizo na waya ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipata, sema mtumba wake bado mgumu. RX 6400 inakula kidogo sana, wati 53, ila inatumia njia nne tu za PCIe 4.0, ukiichomeka kwenye mashine ya zamani ya PCIe 3.0 inapoteza nguvu, na haina sehemu yake ya ndani ya kurekodi video. Naipita.

Kundi la pili, zenye waya. RX 580 ya 8GB, GTX 1060 ya 6GB, GTX 1660 Super na RX 6600 ya 8GB. Hapa RX 6600 ndio mkombozi, inakula wati 132 tu, waya mmoja wa pini 8, na 1080p inaimaliza. Ila lazima pawa saplai iwe ya maana, AMD wenyewe (watengenezaji wa RX) wanapendekeza wati 450.

Sasa uchakachuaji. Kuna GTX 1050 Ti feki ambazo ndani ni chipu za GTX 550 Ti au GTS 450, kadi za 2010 na 2011, zimebadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kama mpya. Windows inasoma 1050 Ti, ukifungua gemu inakufa. Dalili ya kwanza ni tundu la VGA, nimesema hapo juu kadi za GTX 10 hazina VGA, ukiiona nayo weka chini ondoka. Dalili ya pili unaipata kwenye GPU-Z, programu ya bure, ikiigundua inaandika kabisa neno FAKE mbele ya jina. Na usome pale panapoandikwa Shaders, idadi ya vichakataji vidogo ndani ya kadi: GTX 1050 Ti lazima iwe 768, GTX 1650 ni 896, GTX 1060 ya 6GB ni 1280 (ya 3GB ni 1152, sio kadi moja ile), RX 580 kamili ni 2304. Ukikuta RX 580 yenye 2048 sio feki, ni toleo dhaifu, nguvu yake ni kama RX 570, basi ilipiwe bei ya RX 570.

Kadi zilizochimbia sarafu za kidijitali ni nyingi sana mtaani, hasa RX 580, kwasababu sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa na kadi Septemba 2022 wachimbaji wakazimwaga sokoni. Sizikatai. Feni zinakuwa zimechoka na pesti (ile ya kupitisha joto) imekauka lakini chipu mara nyingi nzima, ipime kwanza tu, nitasema jinsi huko chini. Ila P106-100, kadi ya uchimbaji tu, usiguse kama hujui unachofanya, ile haina tundu la kutoa picha hata moja.

HATUA YA 3: KEISI NA PAWA SAPLAI

Jina la mashine halikutoshi, uliza umbo. OptiPlex 7060 moja inakuja ndogo kama kitabu, nyembamba, na tawa. Unataka TAWA, ile ndefu ya kusimama, kwenye Dell imeandikwa MT. Ya kitabu haina hata tundu la kadi. Nyembamba, wanayoiita SFF, inapokea kadi fupi za nusu kimo tu, zipo GTX 1650 za hivyo na RTX 3050 6GB za hivyo, ila zinatafutwa na kila mtu ndio maana zina bei.

Winga (dalali wa dukani) akikuambia "hizi zote sawa tu boss" mwambie akufungulie pembeni. Soma stika ya pawa saplai. Tawa za Dell za ofisi mara nyingi ni wati 240 mpaka 290. Piga hesabu, prosesa 65, kadi 75, mazabodi ramu diski na feni weka 40, jumla 180. GTX 1650 ndani ya wati 240 inakaa salama, RX 580 yenye wati 185 peke yake haikai, hata fundi akikuapia kwa Mungu.

"Basi nabadilisha pawa saplai." Sawa, ila jua kwamba kuanzia kizazi cha 4 Dell na HP nyingi hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24, zina ya pini 8 au 6 za kwao wenyewe. Adapta zipo, na tawa kama OptiPlex 9020 inapokea pawa saplai ya saizi ya kawaida ukiwa na adapta hiyo. HP wao wanasumbua zaidi kwenye saizi, pima kabla hujalipa.

Kitu nakataa kabisa kabisa ni vile viwaya vya kutoa umeme kwenye plagi ya diski (SATA) kupeleka kwenye kadi. Plagi ya SATA uwezo wake wa 12V ni kama wati 54, wewe unataka ibebe 75 au zaidi, inayeyuka. Nimeona ikiyeyuka, harufu yake hutoisahau.

Pawa saplai ukinunua mpya usinunue ile nyepesi ya elfu ishirini na tano imeandikwa "wati 600", inyanyue, kama ni nyepesi kama mkate hizo wati ni za kwenye stika tu. Bora ya wati 450 ya kampuni inayojulikana yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi). Na nyuma ya pawa saplai za zamani kuna kiswichi chekundu cha 115/230, sisi umeme wetu ni 230, Kenya 240. Mzigo uliotoka Marekani unaweza kuja kiswichi kikiwa 115, ukiwasha hivyo unasikia tu paa! moshi, kwaheri. Angalia kabla hujachomeka, dakika sifuri.

Kuna njia ya mkato naipenda, kutafuta mashine za wahandisi badala ya za ofisi. HP Z440 kwa mfano inakuja na pawa saplai ya wati 700 yenye waya za kadi tayari, unachomeka RX 580 au RX 6600 bila kubadilisha pawa saplai, ila waya zake ni za pini 6 kwahiyo kadi ya pini 8 inataka adapta. Prosesa zake ni Xeon za 2014 hivi, E5-1650 v3 ina kori 6 (vichwa vya kufanya kazi) na thredi 12. Ubaya wake haipo kwenye orodha ya Windows 11, inakula umeme, na ni zito utaomba msaada kupandisha ghorofani.

HATUA YA 4: PROSESA

Soma namba nzima, sio i5 wala i7. i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-8500 cha 8, i5-10400 cha 10. i7-2600 ya 2011 inapigwa vizuri tu na i3-12100 ya 2022, sasa stika ya i7 inakusaidia nini hapo? Herufi ya mwisho nayo ina maana, T ni ya kubana umeme kwahiyo spidi imeshushwa, F haina grafiki yake ndani kwahiyo bila kadi huoni picha.

Chini ya kizazi cha 4 usishuke, cha 2 na 3 hazina maagizo ya AVX2 (amri za hesabu ndani ya prosesa) na gemu mpya zinazidi kuyadai. Chaguo langu mwaka huu ni i5-8500, kori 6, inakubalika Windows 11, inapatikana kwenye OptiPlex 3060, 5060 na 7060 na kwenye EliteDesk 800 G4. Kama hela haifiki, i5-6500 au 7500 kwa FC na GTA itakufikisha.

Na kama hutaki mtumba, ujenzi mpya wa akili ni Ryzen 5 5600G kwenye mazabodi ya B450 au B550 bila kadi kabisa. Ina grafiki ndani inayocheza Valorant, CS2 na GTA V kwa setingi za chini, ukipata hela unaongeza kadi baadae. Ila ramu weka mbili zinazofanana, hii prosesa inakopa ramu kwa ajili ya picha na ukiweka moja unaiua nusu.

HATUA YA 5: RAMU NA DISKI

Ramu 16GB, vijiti viwili vya 8. Ukiwa na hela ya 8 tu nunua viwili vya 4, usinunue kimoja, vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba na gemu haikwamikwami. Kizazi cha 4 ni DDR3, mashine nyingi za ofisi kuanzia cha 6 ni DDR4, haviingiliani hata ukilazimisha. Tangu mwishoni mwa 2025 ramu na SSD zimepanda bei dunia nzima kwasababu viwanda vinahudumia kwanza vituo vya AI, kwahiyo ukikuta mashine imeshawekewa 16GB ndani hiyo ni hela, usiidharau.

SSD (diski ya kasi) ya 256GB kwa Windows na gemu unayoipenda zaidi, hadidiski ya zamani kwa zilizobaki. Basi.

HATUA YA 6: MGAWANYO

Bei zinabadilika kila wiki kwahiyo nakupa mgawanyo tu. Ukiwa na laki nane bila monita, laki tatu na nusu mpaka nne iende kwenye tawa yenyewe, laki tatu kwenye kadi, inayobaki SSD, adapta, pesti na nauli. Ukikuta tawa imekula laki sita usinunue, utabaki na kompyuta nzuri ya kuandikia barua.

HATUA YA 7: DUKANI

Nenda na flashi yenye GPU-Z, CPU-Z (inasoma prosesa), CrystalDiskInfo (inakagua diski) na FurMark (inaibana kadi ifanye kazi kwa nguvu zote). Nenda asubuhi, sio saa kumi na moja jioni wakati wanafunga na wewe una haraka.

Washa mashine bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, uingie kwenye BIOS (setingi za msingi za mashine). Ikiomba paswedi ambayo muuzaji haijui, achana nayo, hizi zilikuwa za makampuni na paswedi ya Dell haitoki kwa kubembeleza. Humo humo angalia TPM. Alafu CrystalDiskInfo ikuambie diski imefanya kazi masaa mangapi na afya yake.

Kadi ichomekwe kwenye mashine ya dukani, GPU-Z usome shaders, kisha FurMark dakika kumi. Kaa uangalie, usiende kunywa chai. Joto likipita nyuzi 85, feni ikipiga kelele kama mashine ya kusaga, au ukiona vidoti na mistari ya rangi kwenye skrini, rudisha. Muuzaji anayekataa kupimwa kadi ameshakujibu. Chukua risiti iandikwe jina kamili la kifaa na siku za garantii, sio "kompyuta 1".

HATUA YA 8: KUFUNGA NA KUWASHA

Chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha keisi kutoa umeme wa mwilini, puliza vumbi, na mashine ya mtumba ibadilishe pesti ya prosesa hata kama winga kasema imefanyiwa sevisi. Kwenye Dell anza ramu kwenye matundu yenye vibanio vyeupe. Kadi ikandamize mpaka isikike ta! alafu kaza skrubu.

Waya wa monita uchomeke kwenye KADI, sio kwenye mazabodi. Naandika kwa herufi kubwa kwasababu nimeshasafiri kutoka Mbezi hadi Gongo la Mboto kwenda kutibu "kadi mbovu" nikakuta ni hilo tu, jamaa kanilipa soda.

Umeme: i5-8500 na GTX 1650 pamoja na monita weka kama wati 180 ukicheza, masaa manne kwa siku ni unit 0.7, kwa mwezi kama 22. Kwa walio kwenye ile tarifu ya umeme ya D1 ya Tanzania yenye kikomo cha unit 75 kwa mwezi hiyo ni karibu theluthi yake, kwahiyo mjadiliane nyumbani kabla LUKU (mita ya umeme ya kulipia kabla) haijakata katikati ya mechi. Umeme wa kupanda na kushuka unataka UPS (betri ya akiba) au stabilaiza, na hii nunua kabla ya taa za rangi za keisi, tafadhali.

Draiva ya kadi chukua kwenye tovuti ya Nvidia au AMD wenyewe. Kisha kabla hujateketeza bando kushusha 100GB, tafuta mshikaji mwenye gemu hiyohiyo Steam (duka la gemu mtandaoni), nakili folda yake ya gemu kwenye hadidiski ya nje, ibandike kwenye folda yako ya Steam alafu bonyeza kuinstall kwenye akaunti yako mwenyewe uliyonunulia. Itakagua mafaili, itashusha vipande vilivyopungua tu, na ndani ya nusu saa uko uwanjani.